Chumvi Inatosha kwa Ulimi wa Nani?

Jabe, Bujumbura
Jumamosi, 7 Machi 2026

Mpendwa binti yangu Yasmina,

Assalaam alaykum warahmatullah wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na baba Shakuru na watoto, na funga yenu iwe inakwenda vizuri. Nasikia huko Winnipeg theluji bado imelala barabarani. Mtu anayefunga kwenye baridi ya namna hiyo nadhani thawabu zake zinahesabiwa mara mbili, ingawa maalim hajaniambia hivyo na sitaki kusema uongo mwezi huu.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia, na mvua mwezi huu haijui kwenda mbali, kwa hiyo linauma kila siku. Ua umejaa matope. Mkaa unaouzwa sokoni umelowa, unatoa moshi kuliko moto, na macho yangu mekundu watu wanadhani nalia. Wakati mwingine nalia kweli, nitakuambia sababu.

Binti yangu Lubna hajambo. Ndiye atakayepiga picha kurasa hizi akutumie. Utauliza kwa nini sikurekodi sauti kama wewe unavyofanya. Yasmina, umesahau ua huu? Hapa mtu akiongea kwenye simu, majirani wanaitikia. Mambo haya sitaki yasikike na kaka yako Anouar, wala na mwenyewe anayehusika.

Sasa tuje kwenye swali lako. Mwanangu, umenichosha.

Uliniomba nikufundishe ndizi na nyama, ile ya futari ya kwetu, kwa sababu zamu yako ya kupika msikitini kwenu inakuja na unataka watu waonje chakula cha nyumbani. Nikafurahi. Nikakueleza kila kitu, ndizi zimenywe vipi, nyama itangulie, mawese yasiungue, kitunguu kisiwe cheusi. Mwisho nikasema, weka chumvi ya kutosha. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Ukaniletea sauti ya kwanza: shangazi, ya kutosha ni kiasi gani? Nikajibu, ya kutosha. Ukaniletea ya pili, kwamba Shakuru anakuandikia maelezo kwa Kiingereza, ameandika "enough salt", kisha akakuuliza, enough kwa nani? Ukanirushia mimi swali la mtoto wa darasa la nne kana kwamba nililizaa mimi. Ya tatu ukasema nikupe gramu. Gramu, Yasmina. Kwenye jiko langu kitu chenye gramu ni dawa ya goti.

Nimepika tangu kabla ya baba yako kuoa. Nimepikia harusi, hitima, na wageni waliokuja bila kualikwa wakaondoka bila kuaga. Hakuna aliyewahi kunidai gramu. Lakini kwa kuwa nakupenda, na kwa kuwa nilijua usingeacha, nikalitafuta hilo neno lenu.

Nilimvizia Moïse, yule kijana anayefundisha Kiingereza jioni kule Mutakura. Siku hizi kila mtu huku anataka Kiingereza, hata muuza mihogo anasema "good price". Moïse anapita kwangu kununua sambusa, basi nikamshika hapo hapo na sambusa yake mkononi. Nilimuuliza kitu kimoja, akanipa somo zima.

Akasema hili neno likiwa na kitu, linatangulia; likiwa na sifa, linafuata nyuma. Chumvi ikitosha, neno linakaa mbele ya chumvi. Uji ukiwa moto wa kutosha, neno linakaa nyuma ya moto. Nikamwambia, Moïse, mbele au nyuma, lizunguke litakavyo, mimi nataka kujua ni vijiko vingapi.

Akacheka. Akaniambia, "Mama Lubna, iyo neno haina kijiko ndani. 'Very' inapanda tu, haina plafond, haina mwisho. 'Too' imeshapita mustari. 'Enough' njo mustari yenyewe. Sasa mustari, mutu anaweza kukuuliza: ni ya nani?"

Nikamwangalia. Nikamnyang'anya sambusa nikampa nyingine ya moto, kwa sababu kijana alikuwa amesema kitu. Lakini hasira hazikuniisha, maana ndilo swali lile lile la Shakuru. Nimetoka Jabe nikazunguka kwenye Kiingereza chote nikarudi pale pale nilipoanzia.

Basi nikakaa nikawaza, na jibu nimelipata. Halitakufurahisha, lakini lisome hadi mwisho, usiruke.

Mstari wa ua huu anauchora Scholastique.

Unamkumbuka Scholastique, yule mama wa Uvira ambaye marehemu baba yako alimpa chumba cha pembeni, karibu na bomba. Alikuja wewe ukiwa bado unavaa yunifomu ya shule ya msingi. Ndiye aliyekuwa anakusuka nywele kwa kukuvuta hadi macho yanakutoka. Ana mdomo, anaimba nyimbo za kanisani kabla hatujaamka daku, na ndoo zake huziacha njiani kama mitego. Nimegombana naye kuliko nilivyogombana na mume wangu, Mungu amrehemu.

Sasa fikiri. Ramadhani mpishi amefunga. Chungu kiko motoni, saa kumi na moja jioni, nani aonje? Maalim alisema mpishi anaweza kugusa kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Najua. Lakini mimi najijua pia. Ukiniwekea mchuzi wa nyama mdomoni saa ile, siwezi kumwahidi Mungu kwamba nitautema. Wasichana ambao siku hizo hawafungi hawawezi kujitokeza na kijiko mbele ya kaka zao, wataona haya. Na mtoto ukimpa aonje, kila chungu kwake kinatosha, kwa sababu anataka kula.

Ndiyo maana tangu zamani, jioni ya Ramadhani katika ua huu wa baba yako Massoudi, mtu anafunua sufuria anaita, "Scholastique!" Naye anakuja na kijiko chake mwenyewe, anaonja, anafumba macho kama anasikiliza redio. Kisha anasema "Apana, haiyatosha," au anasema "Inatosha." Akisema inatosha, tunafunika. Hakuna anayebisha. Nyumba nyingine mtaani wanafuata adhana, sisi tunafuata adhana na ulimi wa Scholastique.

Na usidhani nasema ana ulimi bora. Hana. Anapenda chumvi kupita kiasi. Amekulia ufukweni, kwao ndagala, dagaa wa ziwani, walizikausha na chumvi na watoto wakazilamba kama pipi. Wifi zangu wa Kinama wakija kufuturu hapa wanakunywa maji hadi tarawehe inawashinda. Mara ngapi nimemwambia, mama, hii imezidi. Ananijibu, "Mi nasema yenye ulimi yangu inasema. Unataka ulimi ingine, uende uitafute." Basi tukaizoea. Ua mzima umezoea.

Kwa hiyo hiyo ladha unayoililia huko kwenye theluji, hiyo unayoiita ya nyumbani, si ya mama yako. Mama yako, Mungu amlaze pema, mkono wake wa chumvi ulikuwa mwepesi hadi baba yako alikuwa anaongeza kwa siri. Wala si yangu. Ni ulimi wa mkristo wa Uvira. Ulipokuwa unasema futari ya kwetu ni tamu kuliko ya watu wengine, ulikuwa unamsifu Scholastique bila kujua. Hapo ndipo jibu lako lilipo, na hapo ndipo lilipoharibika.

Kaka yako Anouar ameamua mwaka huu Scholastique asiguse sufuria.

Unajua kwamba kila Ijumaa ya Ramadhani ua huu unapeleka chungu kikubwa msikitini, sadaka kwa ajili ya baba yako. Sasa Anouar, tangu biashara yake ya pièces, vipuri vya pikipiki, imeanza kunyooka, amepata sauti ya mtu mkubwa. Kabla mwezi haujaandama alinikuta jikoni akaniambia, "Shangazi, watu wanasema. Sadaka ya baba inaonjwa na mutu asiyesali. C'est pas normal. Ça suffit." Yaani si kawaida, inatosha. Na yeye ana neno lake la kutosha, unaona, ila lake ni la Kifaransa.

Nilimuuliza ni watu gani wanasema. Hakunitajia hata mmoja. Nikaenda kwa maalim mwenyewe. Maalim akanisikiliza, akanyoosha kanzu yake, akasema mwonjaji haingii kwenye sufuria, kinachoingia ni nyama na ndizi, na hivyo ni halali. Akaongeza kwamba yeye binafsi kila mwaka anaingoja Ijumaa ya kwetu. Nikarudi nikamwambia Anouar. Akasema maalim ni mzee, hapendi kukosana na watu.

Yasmina, mimi si mtoto. Chumba cha Scholastique kina dirisha linalotazama barabara. Anouar anapita pale kila asubuhi anakipima kwa macho, mara upana, mara urefu. Matairi na cheni zake zimejaa sebuleni, mkewe Danielle anajikwaa kila siku analalamika. Dini ameivaa juu kama koti. Chini yake kuna rafu za pièces.

Scholastique aliambiwa na Anouar asiguse tena sufuria, mbele ya bomba, wanawake wakiwa wanachota maji. Hakujibu kitu. Yeye ambaye hujibu hata kuku. Alichukua ndoo yake akaingia ndani, na siku ile ndoo haikubaki njiani. Ndipo nilipojua imemwingia.

Basi Ijumaa ya kwanza ikafika. Mimi nikadhani Lubna ameweka chumvi, Lubna akadhani nimeweka mimi. Chungu kikaenda msikitini hakina chumvi hata chembe. Watu wa heshima wale walikula kimya kama wagonjwa wa hospitali. Chungu kilirudi nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kaka yangu afariki.

Ijumaa ya pili kila mmoja akakumbuka aibu ya kwanza. Mimi nikaweka. Lubna akaweka. Danielle naye, ambaye hajawahi kushika mwiko wa chungu kile, akapita akaweka kidogo kwa nia njema. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku ile msikitini mtungi wa maji uliisha kabla ya sunna. Anouar akaniambia nimezeeka, nipumzike, atatafuta mpishi. Mimi. Nizeeke kwa sababu yake halafu anipumzishe yeye.

Nilisema ninalia, basi siku ile nililia. Si kwa ajili ya mpishi. Nililia kwa sababu ile ni sadaka ya Massoudi, kaka yangu wa tumbo moja, na inarudi nyumbani haijaliwa.

Halafu ndipo Anouar akaniambia la mwisho. Amempa Scholastique hadi Idi awe ametoka. Nikamwambia huwezi, baba yako alimkaribisha yule, na Uvira hawezi kurudi, habari za vita vya huko unazisikia mwenyewe, nduguze wenyewe wamekimbilia huku wanalala chini ya turubai. Atakwenda wapi? Akatoa simu yake. Akaifungua sauti. Na sauti ilikuwa yako.

"Mimi sina tatizo kaka, fanyeni mnavyoona."

Yasmina! Unasema huna tatizo. Kweli, huna. Tatizo tunalo sisi. Ulikuwa unafanya nini uliposema vile, ulikuwa kwenye basi, ulikuwa unavua viatu? Ulimuuliza hata chumba gani? Kaka yako anatembea na maneno yako mfukoni, anamfungulia kila anayembishia. Amemfungulia Danielle, amemfungulia fundi aliyekuja kupima rafu, amenifungulia mimi. Unasikika wazi kabisa, hadi gari linapita nyuma yako.

Mimi sina neno katika nyumba hii, unajua sheria yetu. Massoudi aliacha mtoto wa kiume na wa kike, dada mtu hana fungu, na sijawahi kulidai. Nakaa kwa heshima. Mwenye fungu ni Anouar na wewe. Anouar mwenyewe anajua hawezi kutoa mtu ndani ya nyumba ya baba yenu bila kauli yako, ndiyo maana anaibeba ile sauti kama kibali cha serikali. Kwa hiyo usiniambie uko mbali. Umbali huo haukukuzuia kumfukuza, usikuzuie kumrudisha.

Sasa nikueleze ya jana, maana hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Jana ilikuwa Ijumaa ya tatu. Nilipika tangu adhuhuri. Mpishi wa Anouar hakuja, alidai petroli hakuna, na mimi nilimshukuru Mungu kwa ukosefu wa petroli, jambo ambalo sikutegemea kulifanya maishani mwangu. Ilipofika ile saa, chungu kikitokota, nilisimama na chumvi mkononi na nikashindwa. Nikiweka nahofia ya pili, nisipoweka nahofia ya kwanza. Mwanamke wa umri wangu, nimesimama mbele ya chungu kama mgeni jikoni.

Nikachota kwenye bakuli. Nikavuka ua na goti langu, matope hadi kwenye kifundo, nikabisha mlango wa pembeni. Kama Anouar yupo, na awepo.

Scholastique alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na sahani imefunikwa na sahani. Nikaifunua kwa ule utovu wangu wa adabu unaoujua. Ugali na sombe, yale majani ya mihogo, vimepoa, ugali umeshafanya ngozi. Havijaguswa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikamuuliza basi mbona chakula cha mchana kimelala hapo.

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akasema, "Ni siku ya Ijumaa. Mutu akishakula, ulimi yake inasema bongo, inadanganya. Kila kitu inatosha. Mi sikulake mbele ya kuonja."

Sikuelewa. Nikamwambia, lakini hukuitwa. Ijumaa ile ya kwanza hukuitwa, ya pili hukuitwa. Akasema, "Njo vile. Nilingoja. Nilisema pengine wataniita."

Yasmina, nilikaa chini kwenye kitanda chake bila kukaribishwa. Miaka yote hii. Jioni zote za Ramadhani tulizomwita aonje, yule mama alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa sababu mtu aliyeshiba hawezi kujua cha mwenye njaa kama kinatosha. Tunalisema wenyewe, aliyeshiba hamjui mwenye njaa, tunalisema tukiwa tumekaa vizuri. Yeye alilifanya, wala hakuwahi kumwambia mtu, na mimi niliyemtukana kwa ndoo zake sikuwahi kuuliza. Na mwaka huu, amefukuzwa kwenye sufuria mbele ya watu, bado Ijumaa zote amekaa na njaa yake nyuma ya mlango ule akisikiliza kama kuna mtu atamwita.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Anouar, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia Scholastique mwenyewe kwa kunyamaza siku ambayo mdomo wake ulihitajika. Nikampa bakuli kwa ukali, mchuzi ukamwagikia kanga yake. Akachukua kijiko chake. Akafumba macho.

"Apana," akasema. "Haiyatosha. Ongeza."

Nikaongeza. Akaonja tena, akasema ongeza kidogo tena, na mimi kwa mara ya kwanza sikumwambia imezidi. Chungu kikaenda msikitini. Lubna aliyekwenda kukichukua amerudi nacho akikizungusha kwa mkono mmoja, kitupu, wamefuta hadi ukoko. Maalim ametuma salamu, anauliza mpishi amepona?

Anouar alikuwepo msikitini, alikula na yeye. Alikula mara mbili, Lubna alimwona. Lakini mtu akishajenga rafu kichwani hazibomoki kwa sahani ya ndizi. Aliporudi aliambiwa nani ameonja, na leo asubuhi fundi amekuja tena na kipimo chake. Scholastique ameanza kufunga vyombo vyake kwenye boksi la sabuni. Havijazi boksi.

Basi jibu lako ndilo hili. Uliniuliza "enough" ni kiasi gani, na mwanao akauliza ni kwa nani. Moïse akasema ni mstari na haujichori wenyewe. Mimi nakuambia mstari wako wewe, uliokulia nao, una miguu miwili na kijiko, na umekaa kwenye kigoda karibu na bomba ukingoja kuambiwa kama Idi utaifanyia hapa au barabarani. Akiondoka, mimi sina gramu za kukupa. Utapika huko, watu watakula, watasema asante kwa Kiingereza, na wewe ndani ya moyo utajua si chenyewe, wala hutakuwa na wa kumuuliza.

Watu husema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Usinikasirikie kwa kulisema kwenye barua kwa ndugu wa mbali. Nataka unionyeshe kwamba walikosea.

Kwa hiyo mpigie kaka yako. Usimtumie sauti, sauti anajua kuzichagua. Mpigie akiwa amekaa na Danielle, ambaye ana moyo mzuri ila hana nafasi ya kupita sebuleni. Mwambie kile chumba ni cha nyumba ya baba yenu na wewe una tatizo. Sema hivyo hivyo, nina tatizo. Kama anataka mahali pa cheni zake, nyuma ya jiko pana upenu, mimi nitahamisha mkaa. Nimeshamwambia, hanisikii. Wewe atakusikia, sauti yako ameizoea.

Usingoje Idi. Na usiniulize tena chumvi kabla hujapiga hiyo simu.

Nisalimie baba Shakuru, mwambie namwombea kazi yake. Mbusu Shakuru kwenye paji la uso na umwambie swali lake lilimshinda mwalimu wa Kiingereza na mpishi kwa pamoja, kwa hiyo asome sana. Lubna anakusalimu, Danielle anakusalimu. Hata Anouar anakusalimu, ingawa hajui kuna barua. Kaburi la baba yako tulilipalilia kabla ya mwezi kuandama, liko safi. Mungu akupe funga inayokubaliwa na mlango usiokosa mtu wa kuugonga.

Scholastique naye anakusalimu. Hajui nakuandikia nini. Nilimwambia tu kwamba Yasmina anapika ndizi huko kwenye baridi na hajui chumvi kiasi gani. Alikuwa anafunga kamba boksi lake. Akaacha kamba, akafikiri. Akasema nikuambie usile kwanza.

Wako akupendaye hata akiwa amekasirika,
Shangazi yako Mwantum